Ngome ya Jumamosi

Wiki iliyopita umeme ulikatika nikiwa kwenye duka la dawa ninakofanya kazi, hapa Arua, na lile boksi la betri lililo chini ya meza ya kompyuta likaanza kulia: pii, pii, pii. Mwenzangu aliwahi kuizima mashine. Mimi nilibaki nimesimama na chupa ya dawa ya kikohozi mkononi, uso umenipanda moto kama mtu aliyefumaniwa anaiba.

Mlio ule niliujua tangu nina miaka kumi na mitatu. Wakati huo ulikuwa ukilia mara tatu nne kwa siku katika chumba cha Mama Candiru, nyuma ya soko. Mama Candiru alikuwa na kompyuta sita, na vibonye vyake vilikuwa vimefutika herufi, ikabidi uandike kwa kukumbuka. Mlangoni mwenyewe alikaanga kabalagala, vile vitumbua vya ndizi, kwa hiyo kila kitu mle ndani kilinukia ndizi na mafuta ya moto, hata nywele zetu. Wazazi tuliwaambia tunakwenda kujifunza kompyuta. Kwa kweli tulikwenda vitani.

Niwaeleze vita yenyewe, msije mkapotea. Ulikuwa mchezo wa mtandaoni, wa mamia ya watu kwa pamoja, na ndani yake kulikuwa na majeshi matatu: Wekundu, Kijani na Buluu. Katikati ya nchi ilisimama ngome moja. Kila Jumamosi saa kumi jioni milango yake ilifunguliwa kwa saa moja, na jeshi ambalo bendera yake ilipepea saa hiyo ikiisha ndilo lililoimiliki ngome wiki nzima. Sisi watoto wa Arua tulikuwa Wekundu. Watoto wa Koboko, mji wa jirani, waliochezea huko kwao, walikuwa Kijani. Buluu walikuwa watu wa mbali, wengi kuliko sisi, na kwa miezi yote niliyocheza ngome ilikuwa yao.

Kamanda wetu alikuwa Drani, mvulana wa miaka kumi na mitano ambaye hakuvua sweta la shule hata jua likiwaka. Mimi nilikuwa mpangaji wake. Nilikuwa na daftari la hesabu nilimochora ramani, mito kwa wino wa buluu, njia zetu kwa wino mwekundu, na mpango wangu ulikuwa mmoja tu, wiki baada ya wiki: tuwamalize Koboko kwanza, kisha twende ngomeni. Koboko tuliwamaliza mara nyingi. Ngomeni hatukufika hata mara moja. Lakini Drani aliniita Jenerali, nilikaa kwenye kompyuta namba mbili karibu na dirisha, na maishani mwangu sikuwahi kuwa na cheo kingine.

Kisha akaja Sauda.

Sauda alikuwa mtoto wa shangazi yangu kutoka Lobule, upande wa Koboko. Alinizidi mwaka mmoja. Baba alimleta akae kwetu asome Arua, akaja na sanduku la bati na kuku wawili waliofungwa miguu. Baba alikuwa askari mstaafu, Mkakwa, na Mama ni Mlugbara, kwa hiyo lugha ya nyumba yetu ilikuwa Kiswahili cha kambini. Hiki cha vitabu nimekuja kukipata ukubwani. Sauda alikuwa na Kiswahili kilekile chetu, akakaa chumba kimoja na mimi, na wiki ya kwanza nilimpenda sana.

Nilimpenda kwa sababu hakujua kitu. Nilipompeleka kwa Mama Candiru alikishika kipanya kama mtu aliyeshika kifaranga, anaogopa kukibana. Mimi ndiye niliyemfundisha kutembea, kurusha mkuki, kuandika ujumbe. Kaka yake, Juma, alikuwa anajifunza kutengeneza simu kwa fundi mmoja Koboko mjini, naye alikuwa akicheza Kijani. Sauda alipoliona jina la kaka yake kwenye skrini mara ya kwanza alipiga kelele mpaka Mama Candiru akaingia na mwiko mkononi.

Wiki ya tatu, tulipokuwa tunajadili mpango wangu uleule, Sauda akasema, "Lakini kwa nini nyinyi napiga Koboko?"

"Kwa sababu iko adui," Drani akasema.

"Na Buluu?"

"Iko adui pia."

Sauda akacheka kidogo. "Kwa babu yetu kule Lobule iko bibi tatu. Bibi wawili nagombana, wa tatu nakula nyama. Mimi nimeona hii kila siku. Nyinyi na Koboko nagombana, Buluu nakula nyama."

Neno lile lilikuwa jepesi hata nikashangaa kwa nini halikuwa langu. Sauda akaeleza: yeye atamwandikia kaka yake. Wekundu waingie kwa geti la kusini, Kijani kwa geti la kaskazini, wote dakika moja, na mtu yeyote asimguse mwenzake. Jumamosi hii ngome iwe yetu, ijayo iwe yao, tupokezane. Drani aliangalia daftari langu, akaangalia uso wa Sauda, akalifunga daftari.

Jumamosi ile Buluu hawakujua wakimbilie geti lipi. Saa kumi na moja kamili bendera nyekundu ilikuwa juu ya ngome kwa mara ya kwanza. Watu walirukaruka mpaka meza zikatikisika. Mama Candiru aligawa kabalagala bure, kitu ambacho hakijatokea tena. Drani akampigia Sauda makofi na kusema, "Jenerali!" Halafu akanigeukia. "Rukia, wewe hama namba sita. Sauda akae hapa karibu na mimi."

Namba sita ilikuwa kando ya mlango, panapoingia moshi.

Nyumbani nako hakukuwa na pumziko. Baba, ambaye kwa mwaka mzima hakuniuliza hata siku moja tunajifunza nini kule, alisahau hata uongo wetu, akamtaka Sauda aieleze vita ile mezani. Sauda akapanga maharage: haya Wekundu, haya Kijani, bakuli la mchuzi likawa ngome. Baba alicheka mpaka akafuta macho. "Huyu mutoto angekuwa jeshini," akasema, "mimi ningempigia saluti." Mama akamkatia kipande kikubwa cha samaki. Mimi nilimega enyasa yangu, ule ugali wetu mweusi wa mtama na muhogo, nikautafuna bila kusikia ladha. Usiku nilimsikiliza anavyopumua kwenye kitanda cha pili, nikachukia hata pumzi zake jinsi zilivyotulia.

Watu husema wivu unauma. Mimi nakumbuka ulivyonipa kazi ya kufanya. Nilihesabu mara ngapi Drani alilitaja jina lake. Nilichunguza anavyocheka, nikaona ni kwa maringo. Niliona kwamba kila siku huwaandikia Kijani ujumbe mrefu, nikajiuliza vita gani inahitaji maneno mengi hivyo.

Jumatano zamu ya kuchota maji ilikuwa ya Sauda, kwa maana Mama Candiru alitulipisha kwa majerikeni. Alitoka na akaacha jina lake limefunguliwa kwenye namba mbili. Drani na wengine walikuwa wameinamia skrini zao. Nikakaa kwenye kiti changu cha zamani na kusoma.

Juma alikuwa ameandika: "Mama nasalimu sana. Mbuzi mweusi amezaa wawili. Mguu ya Mama uvimbe imepungua kidogo. Ijumaa nitaenda tena na baiskeli."

Mniamini au msiniamini, nilidhani ni maneno ya siri ya vita. Mbuzi mweusi, nikaamua, ni geti la kaskazini. Wawili ni vikosi viwili. Mguu ulinisumbua kidogo, lakini nao nikaupatia maana. Au labda niseme ukweli: nusu yangu ilidhani hivyo, na nusu nyingine ilijua wazi kwamba huyu ni mtu na kaka yake, na hiyo nusu iliumia zaidi, kwa sababu mimi sikuwa na mtu wa kuniandikia.

Nikaandika: "Juma, Jumamosi usiamini Wekundu. Ninyi mkifungua geti, watawapiga mgongoni. Mimi dada yako nakuambia." Nikabonyeza. Moyo ulinidunda kwa utamu, kama mtu aliyelamba asali asiyoruhusiwa. Nikaufuta ujumbe usionekane kwenye skrini, nikarudi namba sita.

Jumamosi, zamu ya Koboko, tuliingia kama tulivyokubaliana. Geti la kaskazini lilipofunguka, Kijani hawakusonga mbele. Waligeuka wote, wakatuangukia sisi. Drani alipiga yowe, "Wanafanya nini hawa? Wanafanya nini?" Tukaanza kuuana na Koboko kama zamani, na Buluu wakaja taratibu kutoka nje ya ngome, wakatufagia wote. Kisha mmoja wa Kijani akaandika mahali ambapo kila mtu anasoma: Sauda alituambia mapema kwamba nyinyi ni waongo.

Drani alisimama. Alijua kuzitafuta jumbe zilizofutwa, jambo ambalo mimi sikulijua. Akainamia kompyuta ya Sauda, akaufungua ule wangu na kuusoma kwa sauti, mbele ya wote.

"Mimi hapana andika hii," Sauda akasema.

"Jina iko yako. Kaka iko yako."

"Mimi hapana andika."

Akaisogelea skrini, akausoma ujumbe mwenyewe. Nilimwona macho yake yalivyosimama kwenye neno la kwanza kabisa. Juma. Sauda hakuwahi kumwita mkubwa wake kwa jina. Alimwita Kaka, kama kila msichana aliyelelewa kwao. Mle ndani ni mtu mmoja tu aliyemwita Juma; wengine walisema kaka ya Sauda. Akainua kichwa, akanitazama kule mlangoni. Hapo ndipo umeme ulipokatika, skrini zikabaki kwenye betri, na maboksi yote sita yakaanza kulia kwa pamoja, pii, pii, pii, nami nikaomba yasinyamaze.

"Wewe iko mutu ya Koboko," Drani akamwambia. "Hapana rudi hapa."

Sauda alichukua kandambili zake mlangoni. Alinipita karibu hata kitambaa chake kikanigusa bega. 

Jioni ile nilikaa nikingoja amwambie Baba. Hakumwambia. Kesho yake vilevile. Mama alipomuuliza mbona haendi tena kwenye kompyuta, alisema masomo yamekuwa mengi. Mimi nilirudishiwa namba mbili na cheo changu. Koboko hawakukubali mapatano tena, tukarudi kupigana nao kila wiki, na Buluu wakala nyama mpaka muhula ukaisha.

Shule zilipofungwa, Baba alitupeleka sote wawili Lobule. Kwenye ua wa shangazi kulikuwa na mbuzi mweusi amefungwa kwenye kigingi, na ubavuni mwake vitoto viwili vilivyokwisha kukua, vinagongana vichwa. Nilivitazama muda mrefu. Shangazi alitoka ndani anaegemea fimbo, mguu umefungwa bandeji mpaka gotini. Uvimbe ulikuwa umerudi. Alikuwa amelazwa wiki mbili, akatoka, na kwetu hakuna aliyejua lolote, hata Baba, hata Sauda, maana habari zao zilipitia kwenye mchezo.

"Kaka yako ameandika kwa ile mchezo yenu kila wiki," shangazi akamwambia, bila ukali, kama anayeuliza habari za mvua. "Wewe hapana jibu. Sisi nilidhani Arua imekulevya."

Sauda alipiga magoti, akauweka uso wake kwenye mapaja ya mama yake, akalia kwa namna ambayo sikuwahi kumsikia akilia. Shangazi alinitazama juu ya kichwa chake. "Mwanangu iko na nini?" Nikasema sijui.

Muhula uliofuata Sauda hakurudi kwetu. Alisoma Koboko, leo ni mwalimu wa hesabu hukohuko. Tulionana misibani na harusini, tukasalimiana vizuri, na kila mara nilirudi Arua na neno langu tumboni.

Nilimwambia mwaka jana, siku moja kabla ya Idi, kwake Koboko. Tulikuwa tunakata vitunguu vya pilau, wawili tu. Nilisema haraka, kichwa chini. Yeye hakuacha kukata.

"Najua," akasema. "Nilijua siku ileile."

"Kwa nini hapana sema?"

"Niseme kwa nani, Rukia? Kwa baba yako? Wewe iko mutoto ya nyumba. Mimi nakula kwenu, nalala kwenu, ada nalipiwa na mzee. Nikisema, wananiamini au hapana niamini, mimi ndiyo nafunga sanduku."

Kwa miaka yote ile nilikuwa nimeuita ukimya wake jeuri, baadaye nikauita ukarimu. Haukuwa hata kimoja. Nilimwonea wivu msichana ambaye katika nyumba yetu hakuwa na mahali pa kugombana. Alikuwa na kiti kimoja tu ambapo angeweza kupata salamu za mama yake, nacho nilikichukua kwa sababu kilikuwa karibu na dirisha.

Nikamwomba msamaha. Alifuta macho kwa kiwiko, ya vitunguu au ya jambo jingine, sikuthubutu kuuliza.

"Ile mchezo nimesamehe zamani," akasema. "Zile wiki mbili Mama amelazwa, hizo bado. Pengine nitasamehe, pengine hapana." Alisema kwa utulivu kabisa, kama mtu anayetaja hali ya hewa, na hata pale, nimekaa na aibu yangu yote, niliuonea wivu utulivu ule. Kisha akanisogezea beseni. "Kata ndogondogo. Hivi vyako iko kubwa sana."