Siku Mnara wa Kijana Ulipoangushwa

Ukipanda leo kile kilima cha upande wa Mweiga utakuta nyasi na ng'ombe wawili watatu. Wajukuu wangu hawaamini kwamba palikuwa na mnara wa mawe pale, mrefu kuliko mikaratusi. Mzungu mwenye shamba aliujenga kumkumbuka mwanawe aliyeuawa katika vita vya kwanza na Wajerumani, na baba yangu, wakati huo barobaro, alikuwa miongoni mwa waliochonga mawe yake. Tuliuita Mnara wa Kijana. Zamani Jumapili, kanisa likiisha, tulipanda kukaa kivulini mwake na kutazama mlima, siku ambazo mawingu yalituruhusu.

Serikali ya Waingereza ilipotangaza Hali ya Hatari, nyumba zetu zilichomwa, tukasongamanishwa chini ya kilima katika kijiji kilichozungukwa na handaki. Homgadi, wenzetu waliopewa bunduki na serikali watulinde, wakahamia mnarani. Kutoka kule juu waliona nani anateka maji, nani amesimama na nani. Chumba cha chini, kisicho na dirisha, wakakifanya mahabusu.

Baba alifungiwa humo. Ilisemekana aliwapelekea viazi watu wa msituni, waliokuwa wakipigana na serikali. Kila asubuhi mama na mimi tulipanda na uji, tukamwachia mlinzi mlangoni, tukashuka bila kumwona.

Asubuhi moja filimbi ililia kabla hatujapanda. Tuliamriwa tusimame sote kando ya handaki. Kituo cha homgadi kilikuwa kinahamishwa, na serikali haikutaka mnara uachwe upate kutumiwa na watu wa msituni. Ungelipuliwa kwa baruti.

Mama alinishika mkono. "Baba yako yuko ndani," aliniambia kwa Kikuyu. Niliwauliza wanawake waliokuwa karibu. Hakuna aliyeona wafungwa wakitolewa.

Nilikuwa msichana mkubwa, nimesoma kidogo, na Kiswahili nilikijua. Nikamwendea askari aliyekuwa akitulinda, mtu wa magharibi mwa nchi, asiyejua Kikuyu.

"Rudi kwa laini," alisema.

"Afande, kuna watu kwa ule mnara."

"Hakuna. Walitolewa."

"Wewe uliwaona?"

"Niliambiwa."

"Baba yangu ako ndani. Tafadhali, enda uangalie. Ukiniambia umeona na macho yako, nitarudi."

Nilingoja kofi. Aliniangalia, kisha akamwangalia mama, ambaye alikuwa ameketi chini kwenye matope, kitambaa kimemwanguka kichwani. Akaenda kwa mkubwa wake. Walijibizana kidogo, halafu nikamwona anapanda kilima mbio, bunduki ikimgonga mgongoni. Watu wa baruti walimpigia kelele arudi. Akaingia mnarani.

Alikaa humo muda ambao mpaka leo siwezi kuupima.

Aliposhuka alikuwa akihema. "Hakuna mtu," alisema. "Nimeingia mwenyewe. Ni blanketi na debe tu."

Nikamfasiria mama. "Basi wamempeleka wapi?" akauliza. Askari hakujua, na nilimwamini.

Mnara haukuruka kama tulivyotarajia. Ulitikisika, ukainama upande wa bonde, ukajikalia chini kama mtu aliyechoka, kisha vumbi likafunika kila kitu. Mama alikuwa ameficha uso begani mwangu.

Vumbi lilipotulia, kundi la wanaume lilitokea nyuma ya kilima. Walikuwa wametolewa alfajiri kuchimba mtaro upande ule, na sasa waliletwa kukusanya mawe. Wa nyuma kabisa alikuwa baba. Amekonda, ndevu zimejaa, lakini anatembea kwa miguu yake. Mama alicheka kwa sauti. Homgadi mmoja akamwambia anyamaze, naye akaendelea kucheka, machozi yakimtiririka, hata wanawake wengine wakaanza kucheka pamoja naye.

Baba aliachiliwa majuma machache baadaye, bila maelezo. Mawe yalichukuliwa kujengea madaraja madogo ya barabara, na mengine yaliishia katika misingi ya nyumba za watu. Handaki lilikuwa bado lipo, kafyu ya kutotoka usiku pia, lakini hakuna tena aliyetuchungulia kutoka juu. Mama alianza kuwaogesha wadogo zangu nje, juani.

Jioni moja nilimuuliza baba kama hakuumia kuona kazi ya mikono yake ikibomoka.

"Yalikuwa mawe mazuri," alisema. "Lakini nilikuwa nje, nikiyatazama yakianguka." Akaniomba nimwongeze viazi.