Mayai ya Majani kwa Dada Yangu

Dada yangu alikuwa na mimba ya miezi mitatu, na kwa siku tatu hakuna kitu kilichokaa tumboni mwake. Chai ilirudi, mkate ulirudi, hata maji ya mchele yalirudi. Muuguzi wa zahanati ya mtaani alikuwa ametuambia jioni: asubuhi chakula kisipokaa tumboni, mleteni tumtundikie perfusion, yale maji ya mshipani. Dada yangu anaogopa sindano kiasi kwamba akiiona mkononi mwa mtu mwingine hubadilisha njia. Mume wake yuko kazini Opala. Kwa hiyo asubuhi ile tulikuwa watatu ndani ya nyumba, na wote watatu tulijua kifungua kinywa kile hakikuwa cha mchezo.

Wa tatu ni shangazi yetu, aliyekuja kwa boti kutoka Yanonge kumtunza. Shangazi ana sheria kwa kila jambo: usikae juu ya kinu, usimwite mtu ukiwa umeshika kisu, usiupe mgongo mto unapokunywa maji. Mimi huuliza kwa nini. Nimeuliza hivyo tangu utotoni. Chuo kikuu kilinipa cheti tu cha tabia niliyokuwa nayo tayari.

Dada alisema kutoka kitandani, bila kufungua macho, "Nataka mayai."

Nikasimama haraka kutafuta kikaango.

"Si ya mafuta! Harufu ya mafuta itaniua. Ile ya ndani ya majani, ya mvuke. Laini."

Shangazi akaacha kupepeta mchele. "Mayai? Mwanamuke wa mimba hakulake mayai. Mutoto atazaliwa kipara."

"Shangazi, karibu watoto wote wanazaliwa vipara."

"Weye ulizaliwa na nywele mpaka kwa masikio. Mama yako hakugusa yai hata moja."

"Na kifaranga je? Anaishi ndani ya yai lenyewe, na anatoka na manyoya."

Dada akacheka. Kilikuwa kicheko chembamba, lakini kilikuwa cha kwanza tangu Jumapili, na mimi nikakihesabu kuwa ushindi wangu.

"Bon, pika basi, bwana lisansié wa chuo kikuu," shangazi akasema. "Mikono yangu haimo." Akageuza kigoda chake akanipa mgongo, ila masikio aliyaacha upande wangu.

Umeme ulikuwa umekatika, ingawa maporomoko ya Tshopo, yanayozalisha umeme huo, hayako mbali na kwetu na yanaendelea kunguruma kama yanalipwa kwa kelele. Nikawasha babula, jiko letu la makaa, nikapuliza mpaka macho yakatoa machozi. Tulikuwa na mayai manne. Nikapasua mawili, nikayapiga kwa uma pamoja na maji ya nusu ganda na chumvi. Kitunguu nilikiacha, dada alikuwa amekipigia marufuku tangu wiki iliyopita. Nikapanga vijiti chini ya sufuria, nikamimina maji yasiyofikia vijiti, ili kifurushi kikae juu na kuiva kwa mvuke tu. Mpaka hapo sikuona la kujadili.

Majani yalikuwa yale mapana ya mangongo, ambayo shangazi alikuja nayo kwa ajili ya kufungia lituma, ndizi zetu za kupondwa.

"Pitisha majani kwa moto kwanza," alisema bila kugeuka.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu njo vile banafanyaka."

Kwangu hiyo haikuwa sababu. Niliiweka kapu moja na habari ya vipara. Tena mimi nimesoma biolojia: nimechora majani mangapi katika daftari zangu, na mishipa yake yote, na ngozi yake ya juu na ya chini. Nilimweleza shangazi kwamba yai linaganda kwa sababu ya protini zake, na kwamba jani ni chombo tu, liwe limeota moto au halijauota. Nikalikunja jani bichi. Lilinitii vizuri. Nikamimina mayai, nikafunga kwa ukamba, nikafunika sufuria, nikakaa nikijipongeza.

Nilipofunua, maji ya chini yalikuwa ya njano. Jani lilikuwa limepasuka kando ya mshipa wake mkubwa, ule ule niliokuwa nikiuchora kwa rula, na mayai yangu yalielea kama vipande vya sifongo.

Shangazi alichungulia. "Protini imekwenda kuoga," akasema.

"Iko tayari?" dada akauliza kutoka chumbani. Sauti yake ilikuwa imeshuka tena.

"Bado kidogo," nikajibu.

Nilitazama mayai mawili yaliyobaki na nikaona aibu, si kwa sababu ya jani. Kwa nusu saa nzima nilikuwa nikipika ili kumshinda shangazi. Mgonjwa alikuwa upande wa pili wa ukuta.

"Nionyeshe," nikasema.

Shangazi hakunisubirisha. Alichukua jani akalipitisha juu ya makaa, polepole, upande huu na upande ule. Rangi yake iliyofifia ikageuka kijani kizito chenye kung'aa, na jani likalegea mkononi mwake kama kitambaa kilicholowa. Akalikunja mara mbili juu ya mshipa. Halikupasuka.

"Ungeniambia kwamba moto unalilainisha!"

"Mimi nani aliniambia? Niliangalia."

Akatandika majani mawili kwa msalaba ndani ya bakuli, akanipa ishara nimimine, akakusanya ncha zote juu na kuzifunga kama shingo ya mfuko. Nilikuwa nimeahidi moyoni kunyamaza, lakini nilishindwa.

"Na kipara, shangazi?"

Aliweka kifurushi juu ya vijiti, akafunika.

"Mutoto wa kipara nitamununulia kofia. Mutoto mwenye mama yake hakulake, nitamununulia nini?"

Nikainama nikapuliza makaa.

Safari hii kifurushi kilitoka kizima. Tulikipeleka kwenye sahani, na dada akakifungua mwenyewe. Mvuke ulinukia kama msitu baada ya mvua, hakuna mafuta, hakuna kitunguu. Mayai yalikuwa yamekaa laini, yakitikisika kidogo. Akachota kwa ncha ya kijiko, akameza, akafumba macho. Sisi wawili tukasimama mlangoni.

"Inapanda?" shangazi akauliza.

"Mukinyamaza, itashuka."

Nje kengele ya baiskeli ya abiria ilipita, ikaishia mbali. Kijiko cha pili. Cha tatu. Cha nne kilikuwa kimejaa. Kisha akasema, kwa sauti yake halisi ya kugombana, "Chumvi iko kidogo."

Shangazi alikwenda kuleta chumvi kwa mwendo ambao sikujua magoti yake bado yanauweza.

Robo saa ikapita, ikapita na nyingine, na hakuna kilichorudi. Habari ya perfusion hakuna aliyeitaja. Kwenye jani kilibaki kipande cha kama vijiko viwili, na mimi, niliyepika mara mbili bila kuonja, nikanyoosha kijiko changu. Dada akalivuta jani mpaka kifuani.

"Weye hauna mimba," akasema, akaendelea kula.