Choo Changu cha Majani ya Migomba

Sitawaficha, maana kilima chetu kizima hapa juu ya Lushebere kinajua, hata mbuzi nadhani wanajua: mimi ndiye niliyemwingiza mgeni wa zone ya afya kwenye choo kisicho na shimo.

Mimi ni reko, yaani yule anayejitolea kwa kituo cha afya, anazunguka nyumba kwa nyumba na daftari, anaandika watoto waliochanjwa, wajawazito, na nani ana choo. Tuliahidiwa bomba la maji kwa sharti moja, kila nyumba iwe na choo, basi watu walinikoma (Mzee Bahati, jirani yangu, nilimgombeza mbele ya wakwe zake mpaka akachimba huku akilalamikia mgongo). Nilipofika kwenye jina langu mwenyewe nikaweka alama ya ndiyo, maana ningechimba Jumamosi, na Jumamosi zangu mnazijua.

Kumbe mama mmoja, mkubwa wa zone ya afya, anakuja kukagua, na muganga wa kituo, kwa kunisifu, akamwambia waanzie kwa reko. Habari ikanifikia mama ameshafika Sake, njiani kuja kwetu. Kuchimba hakuwezekani tena, nikasimamisha miti minne, nikazungushia majani ya migomba, nikalaza mbao chini, nikazitoboa katikati, nikaweka mfuniko, kando nikatundika kidumu cha maji na sabuni mpya. Kilipendeza, kwa kweli. Mke wangu akakitazama.

"Papa Grâce, na shimo?"

"Bageni banaangaliaka tu inje," nikamwambia. "Habaingiake."

Mama akaangalia nje, akasifu, akaandika, kilima chote kimekusanyika, na mimi kwa kiburi nikamkaribisha maziwa, akanywa, nikamwongeza (maziwa ya Masisi, na pikipiki ilikuwa imemtikisa tumbo tangu Mubambiro). Kikombe cha pili hakukimaliza. Akasimama ghafla, akaomba karatasi, akaingia kabla sijapata la kusema.

Tukasikia mfuniko unafunuliwa. Chini yake kulikuwa na nyasi.

"Papa Reko," sauti ikatoka ndani, taratibu, "shimo iko wapi?"

Nikajibu (Mungu anisamehe, ndilo lililonijia), "Mama, itakuya Jumamosi."

Alitoka mbio ameshika kitenge chake, na aliyemwokoa ni Mzee Bahati. "Mama, kuya kwangu. Yangu iko na shimo."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Nilitamani ardhi inimeze, lakini ardhi yenyewe sikuwa nimeichimba. Mama aliporudi alikuwa ametulia, na hilo ndilo lililonitisha, akanipa kalamu nifute alama yangu mbele ya wote, akasema bomba litaenda kilima kingine. Hapo hakuna aliyecheka tena. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Sasa choo changu ndicho chenye shimo refu kuliko yote, na majirani huja kuchungulia bila hodi. Nami nimeapa, siandiki ndiyo tena kwa mtu yeyote kabla sijaingiza fimbo nikapima kina.

Jioni ya siku ile ya ukaguzi mke wangu aliweka bidoni mbili tupu za kuchotea maji mbele yangu, akaenda kulala. Tangu hapo mtoni nashuka mimi, kila asubuhi, peke yangu mwanaume kwenye foleni. Wanawake hawanipishi, nami siombi.