Mtoto wa Jicho Aliyekomaa

Fundi cherehani yule, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pindo, alikuwa na jicho moja tu la kutegemea. La kushoto liliondoka na surua angali mdogo. La kulia likaingia mtoto wa jicho, naye akamfuga miaka minne, akishona kwa kupapasa na kusingizia taa. Siku aliyoshona mguu wa suruali ndani nje, mdogo wake alimshika mkono, hao, hospitali.

Daktari wa macho, mwanamke wa maneno ya polepole, akammulika.

"Mama, mtoto huyu umemlea mpaka ameota ndevu."

"Nilidhani ataondoka mwenyewe."

"Watoto wa siku hizi hawaondoki nyumbani," mdogo mtu akadakia.

Daktari akaeleza. Angetoboa tundu dogo, aingize sindano inayotetemeka kwa mawimbi ya sauti, imvunje mtoto yule na kunyonya vipande, kisha aweke lenzi. Ila mtoto amekuwa mgumu kama kokwa, na mtetemo ukizidi, sindano hupata moto ikaunguza kioo cha mbele cha jicho.

Mama Pindo akalifunika jicho kwa kiganja. Jicho hili likiungua, hana jingine.

"Basi niacheni na ukungu wangu. Nimeuzoea."

Daktari hakumbembeleza. "Ukishona hariri, unakanyagaje pedali?"

"Nadonoa. Nakanyaga, naachia. Ukikazana, kitambaa kinajikunja."

"Mashine yangu nayo inaweza kwenda mfululizo, au kwa kudonoa. Wewe nitakupasulia mtoto kwanza kwa kijichuma, halafu nidonoe, jicho lipate kupoa."

"Nitajuaje hukukazana?"

"Utasikia. Ganzi ni ya jicho, si ya masikio."

Mama Pindo akalala chali chini ya shuka, ametega sikio. Mashine ikanguruma, ikanyamaza. Ikanguruma, ikanyamaza. Kila iliponyamaza, naye alishusha pumzi. Mara moja mlio ulirefuka, akakunja ngumi; ukakatika.

Kesho yake bendeji ikatolewa. Ukungu mtupu.

"Vidole vingapi?"

"Viwili."

Vilikuwa vinne. Daktari akasema kioo kimevimba kidogo tu, hakikuungua; atie matone, asubiri. Mama Pindo alirudi nyumbani kwa kupapasa vilevile.

Siku ya sita, akitiwa matone uani, akamkazia jicho mdogo wake.

"We, mvi zote hizi umezitoa wapi?"

"Ninazo siku nyingi, dada. Wewe ndiye hukuwepo."

Mama Pindo akacheka, tone likamponyoka shavuni.

"Haya, lete kioo nione zangu."