Mtama wa Jepleting na chumvi inayosogea

Saa kumi na mbili asubuhi, Barut, kando ya Ziwa Nakuru. Jepleting anapiga magoti shambani, anachota udongo kwa ncha ya kidole na kuuweka ulimini. Anatema. Anasogea hatua tano kuelekea nyumbani, anaonja tena. Anatema tena.

"Jana hapa palikuwa sawa," anasema, na kuchomeka kijiti.

Vijiti ni vingi. Kila kimoja ni mahali chumvi ilipofika. Kutoka kijiti cha leo hadi mlango wa jikoni ni hatua arobaini na moja.

Mama huyu wa miaka hamsini na tatu alikuwa na ekari tatu. Ziwa lilipopanda lilimeza moja. Maji yaliporudi nyuma kidogo yaliacha udongo mweupe, kama uliomwagiwa unga. Ng'ombe wake waliukimbilia, wakaulamba.

Kwa wafugaji wa Kikalenjin, udongo wa kulambwa na ng'ombe ni baraka. Watu huswaga mifugo mwendo mrefu kuufuata.

"Nilifurahi," anasema. "Nilimwambia dada yangu, Mungu ameniletea chumvi hadi nyumbani. Nikapanda mahindi hapo hapo."

Mahindi yalikauka ncha. Alidhani ni kiu, akayamwagilia maji ya kisima kilicho karibu na ziwa. Kisima nacho kilikuwa kimeingia chumvi. Shamba lililotoa magunia ishirini na mawili likatoa mawili.

Afisa wa kilimo, Nakhumicha, hakumficha. Mahindi huvuta chumvi mpaka majani yanaungua. Mtama hustahimili zaidi: mizizi yake huzuia sehemu kubwa, na inayopenya hubaki chini kwenye shina, mbali na majani machanga.

"Lakini ukiwa mchanga hauna nguvu hiyo," anasema Nakhumicha. "Wiki mbili za kwanza ndizo za kuogopa. Na hata mtama una mwisho wake."

Leo ni siku ya tisa tangu mtama upandwe. Jepleting amepanda ubavuni mwa matuta, kwa sababu udongo ukikauka chumvi hupanda na kukaa juu. Mistari ya upande wa nyumba imeota. Ya upande wa ziwa ni mitupu. Anafukua mbegu moja. Imeoza.

Jirani yake, Owuor, anasimama kwenye ua.

"Mathe, bado unapandia ndege?"

"Wakija nitashukuru. Ndege hawafuati shamba tupu."

Owuor hacheki. Shamba lake liko nyuma ya nyumba ya Jepleting.

"Leo imefika wapi?" anauliza.

Jepleting anamwonyesha kijiti.

Mvua nzuri ikinyesha wiki hii itaisukuma chumvi chini. Isiponyesha, miche hii itakufa. "Sina shamba lingine," anasema. "Nikitoka hapa natoka na sufuria tu."

Mpango wake ni kurudishia mbegu kwenye mistari mitupu. Punje za mashina yatakayokomaa huko hatazila. Atazifanya mbegu ya msimu ujao.

"Hata yakiwa matano. Hayo yatakuwa yameonja hii chumvi na yakakataa kufa."

Tunapoagana, ng'ombe wake mmoja amekata kamba. Amesimama kando ya mlango wa jikoni, ameinamisha kichwa, analamba ardhi.

Jepleting anamwendea.

"Labda nilimwaga mchuzi hapo jana," anasema.

Anamvuta ng'ombe, anamfunga mbali. Haonji udongo wa mlangoni. Anachukua bakuli la mbegu na kurudi upande wa ziwa.