Udongo Mweusi wa Shemeji

Baada ya kumzika ndugu yetu wa kati, kaka mkubwa aliniita nyumbani Lambwe kutoka Migori, nilikokuwa nikiuza mbegu. Nilikuwa nimesomea kilimo, na alitaka nikague udongo wa shamba la baba kabla ya kuligawa. Mjane wa marehemu hakuitwa kwenye mazungumzo. Aliambiwa tu apike.

Nilichimba mashimo matatu. La kwanza, chini ya kilima, lilikuwa na udongo mwekundu kuanzia juu hadi nilipozama kiunoni, laini, mizizi imeshuka humo bila kizuizi. La pili, karibu na mto, lilikuwa na udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaonata mvua ikinyesha na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Ni kazi kuulima, lakini una rutuba na unashika maji. La tatu, kwenye mgongo wa shamba, lilianza vizuri kuliko yote: udongo mweusi wenye minyoo na majani yaliyooza. Lakini kabla jembe halijazama lote, liligonga murram, changarawe ngumu ya kutengenezea barabara. Nikachukua sururu. Chini ya murram palikuwa na mwamba.

Kaka aliuliza kama mahali hapo panaweza kulisha mtu. Nikamwambia mahindi yataota, yatapendeza wiki chache, kisha yatakauka yakiwa yamefika magotini. Akafikiri kidogo, akaniambia nilifukie shimo hilo.

Nikalifukia, nikihakikisha ule mweusi umerudi juu.

Shemeji alipotuletea ugali na samaki, kaka alimwambia kwamba sehemu yake ni ya mgongoni. Akaenda, akachota udongo, akausugua kwa vidole. Aliporudi hakumuuliza kaka. Aliniuliza mimi, kwa kuwa ndimi niliyesoma.

"Shem, huu ni mzuri?"

"Ni mzuri," nikasema. "Si unaona ulivyo mweusi."

Akanishukuru, akaniongezea samaki.

Kaka alichukua udongo mwekundu, mimi nikapata ule wa mtoni. Mvua ndefu zilipokuja shemeji alipanda, akapalilia mara mbili, na mahindi yake yakakauka kama nilivyosema. Kaka aliwaambia majirani kwamba mjane yule ni mvivu. Wakaamini. Kanisani walimwombea apate bidii, naye amekaa pale mbele na watoto wake. Nami nilifumba macho nikaitikia amina.

Msimu uliofuata nilimkuta akichimba peke yake, shimo baada ya shimo, akitafuta mahali penye kina. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka.

"Ulijua?" akauliza.

Nikaanza kumweleza kwamba udongo hubadilika hata kwa hatua chache tu, na mtu hawezi kujua bila kuchimba.

"Ulichimba," akasema. "Mimi ndiye niliyekupikia siku ile."

Nilimwacha hapo, nikaenda kuangalia mtama wangu.

Aliondoka na watoto kwenda kisiwa cha Remba, anakoanikia watu omena, dagaa wa ziwani. Kaka sasa analisha ng'ombe mgongoni. Mwaka jana nilikutana na shemeji sokoni Mbita. Alinisalimia vizuri, akauliza hali ya watoto wangu. Hakuniita shem. Aliniita bwana, kama mtu anavyomwita karani asiyemjua, kisha akainua gunia lake akaenda.