Ng'ombe wa Unga

Jikoni kwangu hakuna kitu kinachofika mezani na sura yake ya kuzaliwa. Tango huwa mamba, chapati huwa jua lenye nywele za karoti, yai la kuchemsha huwa panya. Nauza vitenge soko la Kimironko siku sita kwa juma, na mikono iliyozoea kukunja kitenge haishindwi na donge la unga. Najisifu, ndiyo. Nisiposifu mimi, atasifu nani?

Mama yangu hakusifu. Alikuja kwetu Kigali kutoka Karagwe, upande wa Tanzania alikotulelea sote, miezi miwili baada ya kumzika baba. Kila nilipomwekea sahani alikula vijiko vitatu, akaisukuma pembeni. "Nimeshiba, mwanangu." Siku nilipomtengea mamba wa tango alisema chakula si cha kuchezea. Nilimjibu kwa ukali kuliko nilivyokusudia, kwamba mtoto asiyetaka mboga humaliza mamba mzima bila kubembelezwa. Kesho yake akatangaza kwamba Jumapili anarudi kwake.

Nilimwomba abaki. Nilimwomba mara mbili, jambo ambalo si kawaida yangu. Nyumba ya Karagwe ilikuwa tupu, nami niliogopa kwamba huko, peke yake, vijiko vitatu vitakuwa viwili, kisha kimoja. Alikataa kwa upole. "Hapa maji yanatoka ukutani na moto unatoka kwenye mtungi. Kazi yangu ni kukaa kwenye kiti. Huo ni ugeni, na mgeni huaga." Ijumaa begi lake lilikuwa tayari mlangoni.

Jumamosi ilikuwa ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa kila mwisho wa mwezi. Mume wangu alitoka asubuhi na jembe begani kwenda kuzibua mtaro pamoja na majirani. Maduka yalikuwa yamefungwa, na hadi saa tano hakuna pikipiki hata moja iliyopita. Nilikanda unga wa ngano na maziwa, sukari, siagi na hamira kidogo, na binti yangu wa miaka sita akapanda kwenye kigoda chake.

"Leo tunafuga ng'ombe," nikamwambia.

Ng'ombe wangu hawana kasoro, au ndivyo nilivyoamini. Mwili wa mviringo, miguu minne mifupi wasije wakaanguka, macho ya zabibu kavu, pembe mbili ndogo. Tulikuwa tumepanga watatu kwenye sinia la kuokea mama alipoingia kuchukua maji ya kunywa. Akasimama.

"Hawa ni nini?"

"Ng'ombe, Mama."

"Ng'ombe wa wapi, hawa? Mimi naona mbuzi."

Nilikuwa nimesahau ninazungumza na nani. Babu yangu mzaa mama alifuga wale ng'ombe wetu wa pembe ndefu, zile ambazo wachezaji wa ngoma huziigiza kwa mikono. Mama aliweza kuvumilia mtoto wake kuchezea chakula, lakini pembe zile zilimshinda. Aliweka kikombe chini, akanawa mpaka viwikoni, akaniambia nisogee.

"Unga wako laini mno. Pembe italala."

Akakanda unga mwingine, mkavu, usio na hamira. Akausokota kati ya viganja ukawa mrefu na mwembamba, akaukunja taratibu mpaka ukapata ule mpindo wa kupanda juu. Pembe tulizioka peke yake kwanza, zikakauka, ndipo tukazichomeka kwenye vichwa. Mtoto akamwuliza amefundishwa na nani. "Sisi tulifinyanga kwa udongo," mama akasema. "Kundi zima. Kisha kaka yangu anakuja anawakanyaga." Akacheka. Mimi kazi yangu ikawa kuchungulia oveni. Sijawahi kupenda hivyo kuamrishwa jikoni kwangu mwenyewe.

Ng'ombe walipopoa, mama alichukua yule mwenye pembe ndefu kuliko wote. Akamwambia binti yangu apokee kwa mikono miwili.

"Nkugabiye inka," akasema. Nimekupa ng'ombe. "Sasa mimi na wewe tumefungamana. Akizaa ndama jike wa kwanza, unaniletea mimi niliyekupa. Ndivyo ilivyo."

Binti yangu alikuwa ameshafungua mdomo amng'ate. Akaufunga. "Nyogokuru, hii ng'ombe itazala lini?"

"Ng'ombe hubeba mimba miezi tisa."

Mtoto akahesabu vidole mpaka tisa. "Sasa kesho unaenda wapi? Ile ndama nitamupa nani?"

Mama akanitazama mimi, si yeye. Naapa sikumfundisha mtoto neno hilo. Ningekuwa nimelibuni mimi, ningejisifu mpaka leo. Mama alivuta sinia, akachukua mmoja wa wale niliofinyanga mimi, wale mbuzi, akamla mzima, kichwa hadi miguu. Kisha akaomba chai.

Jumapili begi lilirudi chumbani.

Ng'ombe wa binti yangu yuko juu ya friji hadi leo, mkavu kama tofali, na ole wake atakayemgusa. Tangu hapo tumeoka kobe, samaki, na kuku mmoja aliyevimba akawa kama mto wa kulalia. Mama ndiye anayekanda, na sahani yake inarudi imefutwa.

Jumamosi iliyopita mume wangu alirudi kutoka umuganda, akanawa, akataka naye kufinyanga. Akatengeneza kinyama kidogo cha miguu minne, kisicho na pembe. Binti yangu akamwuliza ni nini.

"Ndama," akasema.

Binti yangu akamgeukia nyanya yake. Mama alimchukua yule ndama mkononi mwa mkwewe, akamrudisha kwenye donge, akaendelea kukanda.

"Bado," akasema.

Miezi tisa ilikuwa imeshapita.